Kuku wa Jina la Watu

Mwezi niliolipwa kiinua mgongo ndipo nilipogundua nina ndugu wengi kiasi gani. Kila aliyekuja alikuja na biashara yake mdomoni. Mmoja alitaka ninunue bodaboda tano, mwingine aliniletea habari za duara huko Geita, shimo ambalo eti lilikuwa limeshaanza kuonyesha dhahabu, lilikuwa linasubiri tu mtu wa kulisha wachimbaji mwezi mmoja. Niliwasikiliza wote, nikawapa chai, nikawasindikiza mpaka barabarani. Nilikuwa nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne, na fedha ile ndiyo miaka hiyo yote. Ikipotea hakuna nyingine itakayokuja. Nilikuwa naamka nayo kichwani na kulala nayo kichwani, na mume wangu alinitania kwamba siku hizi hata uji nauonja kama mtu anayehofia kuibiwa kijiko.

Ndiyo maana nilivutiwa na biashara za jina la watu. Nadhani wengi mmeziona siku hizi mijini. Kampuni imeshajulikana, ina rangi zake, mapishi yake na kibao chake, na wewe unalipia haki ya kufungua duka kwa jina hilo hilo. Hubuni chochote. Wanakufundisha, wanakuletea mashine, na wewe unatoa chumba, wafanyakazi na jasho lako, halafu kila mwezi unawapa chao. Mimi ni mtu wa kufuata mtaala. Nilipoambiwa kwamba kuna biashara yenye mtaala, niliona kama imeandikwa kwa ajili yangu.

Nilichora jedwali kwenye daftari. Kulikuwa na kampuni tatu zilizokuwa zinatafuta watu Shinyanga: ya mikate, ya maji ya kunywa na ya kuku wa kukaanga. Mikate niliikata mapema kwa sababu ya umeme wetu. Ile ya maji, niseme ukweli, niliidharau. Nilijiona nimesimama na mpira mkononi nawajazia watu ndoo, na wanafunzi wangu wa zamani wanapita na magari yao, na roho ikakataa. Lakini ya kuku ilikuwa na kibao chekundu kinachowaka, viti vya ngozi ya bandia na kioo mbele. Nilijiona nimekaa nyuma ya kioo kile. Najua sasa kwamba nusu ya uamuzi wangu ilikuwa kiti tu.

Bwana wa kampuni ya kuku alikuja nyumbani kwetu Ibadakuli siku ya Jumatatu, katika gari lenye picha ya jogoo ubavuni. Majirani walitoka kuangalia. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye tai nyekundu na adabu nyingi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu ndani."

Alieleza kwa saa nzima bila kukohoa. Alisema Shinyanga nafasi ni moja tu, na kuna mtu wa Kahama anaitaka, kwa hiyo angenisubiri mpaka Ijumaa. Aliniachia mkataba wa kurasa arobaini na mbili na namba ya simu ya mama mmoja anayeendesha duka lao Katoro, nimpigie nijisikilizie mwenyewe. Nilimpigia jioni ile ile. Sauti ilikuwa changamfu. "Biashara nzuri mno, Mwalimu," alisema. "Hutajuta."

Mume wangu alikuwa amekaa pembeni muda wote huo, akimenya karanga. Yeye ni mfugaji, hana maneno mengi, na tangu tuoane ananiita Mwalimu hata tukiwa wawili. Nilipokata simu aliuliza, "Kwa hiyo jina ni lao, mashine ni zao, chumba na jasho ni letu, halafu kinachopatikana tunagawana nao?"

"Ndiyo hivyo."

"Basi ni kubilisa tu, Mwalimu."

Nilipiga makofi. Wiki nzima nilikuwa natafuta namna ya kumweleza, na yeye alikuwa ameimaliza kwa neno moja. Sisi Wasukuma tunaijua kubilisa kabla hatujajua kuhesabu. Mwenye ng'ombe wengi anampa mwenzake baadhi yao awatunze. Mtunzaji anakunywa maziwa, anapata samadi ya shamba, analimia. Wakizaana vizuri, ipo siku mwenye mali anamkatia mtamba mmoja awe wake. Na ng'ombe akifa kwa ugonjwa, mtunzaji anapeleka ngozi kwa mwenyewe, mwenyewe anaiona, mambo yanaishia hapo. Hakuna anayemdai mwenzake mzoga. Nyumbani kwetu sisi hatukuwa na ng'ombe hata mmoja wa kwetu mpaka nilipofika darasa la tano, lakini maziwa hayakukosekana. Nimekua kwa ng'ombe wa watu na sijawahi kuona aibu yake.

Kosa langu lilianzia hapo, kwenye furaha ile. Nilikaa mezani siku ya Jumanne na kalamu nyekundu, nikausoma mkataba ukurasa kwa ukurasa kama ninavyosahihisha mitihani, na kila kifungu kibaya kilinipita kikiwa kimevaa nguo za kubilisa. Mashine zitabaki kuwa mali ya kampuni. Sawa, ng'ombe ni wa mwenyewe. Kuku, mafuta, viungo, hata karatasi za kufungia, vitanunuliwa kwa kampuni tu. Sawa, mwenye ng'ombe anaweza kukupangia malisho. Mwendeshaji hataongea jambo lolote la kuharibu sifa ya kampuni, na akifanya hivyo atatozwa faini. Sawa kabisa, nani anamsema vibaya aliyempa maziwa? Na pale mkataba uliponyamaza, pale ulipotakiwa kusema itakuwaje mashine ikifa au wateja wakikatika, nilipajaza mwenyewe kwa mambo ninayoyajua tangu utotoni. Sikuona pengo lolote. Niliandika vema pembeni, nikafunga.

Jioni nilimwambia mume wangu kwamba niko tayari kusaini hata kesho.

"Bado hatujaona zizi," alisema.

Nilijua anachosema. Kwa desturi yetu, kabla hujapokea ng'ombe wa mtu unakwenda kwanza kwa mwingine anayemtunzia. Unakwenda asubuhi, saa ya kukamua, bila kupeleka taarifa, unaona wanyama wapo katika hali gani na mtunzaji naye yuko katika hali gani. Lakini mimi nilikuwa nimeshaongea na mama wa Katoro kwa simu, na nilikasirika.

"Kwani sisi wapelelezi?"

"Nimesema tupeleleze? Nimesema tukamwamkie."

Tulibishana mpaka chakula kikapoa. Mwishowe nilikubali kwa hasira tu, ili arudi ameridhika na asiwe na la kusema. Jumatano tulipanda basi, tukapita Kahama, tukapita Ushirombo, jioni tukashuka Katoro tukiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mji ulikuwa umechangamka kama kawaida yake, bodaboda zinapita huku na huku, wanunuzi wa dhahabu na mizani zao vibarazani. Tulichukua chumba nyumba ya wageni. Kabla ya kulala nilipita mbele ya duka lile, nikaona kibao kinawaka na watu wamejaa ndani, nikarudi kumwambia mume wangu ajiandae kuniomba radhi.

Asubuhi saa moja tulikuwa mlangoni. Kioo kilikuwa kile kile, viti vile vile. Wateja walikuwa wawili. Mwanamke wa rika la mdogo wangu, amevaa aproni nyekundu ya kampuni, alikuwa anapiga deki mwenyewe. Nyuma yake kulikuwa na mashine mbili za kukaangia. Moja ilikuwa inanguruma, ya pili ilikuwa imefunikwa khanga.

Nilikuwa nimepanga maswali yangu, lakini mume wangu alinitangulia kwa salamu ya Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

Mwanamke aliegemeza fagio la deki ukutani, akafuta mikono kwenye aproni, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya mabinti wetu kwa wazee. "Mwangaluka, baba." Na salamu zikaanza. Ametoka wapi? Ushetu. Kwao wanalima nini? Tumbaku, mtaji wa duka hili ulitoka kwenye tumbaku. Mvua ilikuwaje? Wazazi wapo? Ng'ombe hawajambo? Alitupa viti, akakaa na yeye. Mume wangu aliuliza mpaka habari za kisima cha kijijini kwao ambacho hajawahi kukiona, na kuku hajamtaja hata mara moja. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Alinitazama, akaelewa kwamba muda umefika, akauliza kwa sauti ile ile ya salamu:

"Sasa mayu, ng'ombe akifa hapa, ngozi mnampelekea nani?"

Mwanamke alicheka kwa sauti. Alicheka mpaka mteja mmoja akageuka. Kisha akatazama ile mashine iliyofunikwa, na kicheko kikakatika.

"Baba," alisema, "hapa ng'ombe akifa unamnunua tena."

Alitueleza polepole, akiangalia mlango. Mashine ilikufa mwezi wa nne. Kampuni ilimwambia iko chini ya uangalizi wake, anunue nyingine, na anunue kwao. Wakati anahangaika, duka lilifungwa wiki tatu, na ada ya mwezi ikalipwa yote kama vile alikuwa anauza. Watu niliowaona jana yake walikuwa wametoka kwenye duara moja lililotoa mawe mazuri. "Wakipata, wanakula kuku mara tatu kwa siku na wanamnunulia hata asiyejulikana. Duara likikauka, simuoni hata mmoja mwezi mzima. Ada yenyewe haijui habari za duara." Wachimbaji walikuwa wanamuomba ugali na samaki, kitu cha kushibisha mtu aliyetoka shimoni, lakini akipika ugali ndani ya kioo kile amevunja mkataba. Akiacha kabla ya miaka mitano haruhusiwi kuuza chakula chochote Katoro kwa miaka miwili. Amebakiza miezi minane, na kila asubuhi anajua imebaki siku ngapi.

Vifungu hivyo nilikuwa nimevisoma, na mapengo nikayajaza mwenyewe. Nilikuwa nimeviwekea vema.

"Mimi natoka Shinyanga," nilisema. "Nilikuwa nisaini kesho."

Alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza, na nikaona anaitambua sauti yangu.

"Wewe ndiye Mwalimu," alisema. "Mimi ndiye niliyeongea na wewe kwenye simu."

Hasira ilinipanda, sikatai, kwa sababu nilimkumbuka alivyosema hutajuta, na uchangamfu ule. Alisema kampuni ilimwahidi kwamba akimleta mtu mmoja akasaini, atapumzishwa ada miezi mitatu. Alisema alipoongea na mimi hakuwa ameniona. "Kwenye simu ulikuwa namba tu, Mwalimu. Sasa huyu mzee ameniuliza mpaka habari za mama yangu, nitamdanganyaje?" Akashika mkono wangu kwa mikono miwili. "Wakijua nimesema haya wananitoza faini. Tafadhali."

Hasira haikukaa. Kilichokuja badala yake ni ahueni. Kiinua mgongo changu kilikuwa bado benki. Kurasa arobaini na mbili zilikuwa bado kwenye mkoba, hazina sahihi. Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana tangu Jumatatu, na hapo hapo nikaona aibu, kwa sababu nilikuwa nafurahi mbele ya mtu ambaye angali ndani ya shimo nililoponea ukingoni. Nilimwambia hivyo hivyo, sikuficha. Alitikisa kichwa, akasema na yeye angefurahi.

Alitukaangia kuku, akatukataza kulipa, tukalipa. Niseme haki, alikuwa kuku mtamu sana.

Kwenye basi la kurudi nilikaa dirishani, nikawa naangalia mashamba ya watu na kujisikia mwepesi. Kila kilichopita kilinipendeza, hata mbuzi. Baada ya Ushirombo nilimgeukia mume wangu. Nilitaka kumpa sifa yake, na kwangu mimi hilo si jambo la kila siku.

"Ulijuaje?"

"Nilijuaje nini?"

"Kwamba mkataba una mtego. Mpaka ukaliuliza swali lile."

Alinitazama kama mwanafunzi aliyeulizwa somo la darasa jingine. "Sikujua kitu, Mwalimu. Ulisema ni kubilisa."

"Wewe ndiye uliyesema ni kubilisa!"

"Na wewe ukapiga makofi. Mwalimu akipiga makofi mimi nibishe? Nilidhani ngozi inapelekwa mahali, nikataka kupajua mapema, nisije nikahangaika nayo." Akaongeza: "Hata nilishamwambia yule mnunuzi wa mnadani aje Jumamosi. Nilikuwa nataka kuuza maksai wawili uongezee mtaji."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na abiria wa mbele akageuka kuuliza kama mama anaumwa. Kumbe tulikuwa wajinga wawili ndani ya basi moja, tofauti yetu ilikuwa cheti tu. Mimi nilisoma mkataba na sikuona kitu. Yeye hakuusoma kabisa, ila alishika adabu ya kwenda kumwamkia mtunzaji mwenzake, na hiyo ndiyo iliyotuokoa. Maksai wale wawili tunao hadi leo, na mmoja ni mkorofi kupita kiasi.

Miezi kadhaa baadaye nilichagua ile biashara ya maji niliyokuwa nimeidharau. Nilikwenda kuwaamkia watu watatu waliokuwa wanauza kwa jina hilo, mmoja baada ya mwingine, asubuhi, bila taarifa. Mwenye kampuni, Mchaga mmoja wa Kahama, hakuelewa ngozi ni nini, lakini nilipomweleza aliandika kwa mkono wake kwenye mkataba kwamba mtambo ukiharibika ni wake, na siku nilizofunga silipi. Nasimama na mpira mkononi, najaza ndoo, na wanafunzi wangu wa zamani wananipigia honi. Ni raha tu.

Lakini Ijumaa ile kwanza ilibidi nimjibu bwana wa kuku. Alipiga saa nne asubuhi. Niliweka spika ili mume wangu asikie.

"Mama, karatasi ziko tayari. Nije?"

"Usihangaike baba. Nimeghairi."

Sauti ikabadilika, adabu ikapungua kidogo. "Kuna mtu amekwambia kitu? Uliongea na yule mama wa Katoro?"

Nilisikia mikono miwili ya mama yule juu ya mkono wangu. Miaka thelathini na minne niliwachapa watoto wa watu kwa sababu ya uongo.

"Niliongea naye," nilisema. "Kakusifieni mno. Kasema hii ni biashara nzuri na sitajuta."

"Sasa tatizo ni nini, mama?"

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa mkekani na ungo wake wa karanga, mtu aliyekuwa tayari kuuza maksai wawili kwa ajili yangu.

"Ni mzee wangu," nilisema. "Amegoma kabisa. Unawajua wanaume wa huku, kitu kisicho na kwato hawakielewi. Nimembembeleza wiki nzima. Hataki hata kusikia."

Niliona kidole chake kimesimama kwenye ganda. Nilingoja akasirike, ana haki. Badala yake aliinama juu ya simu na kupaza sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitumia hata kwa ng'ombe.

"Nimekataa!"

Kisha akaendelea kumenya karanga.